Anzeni Chooni: Maneno kwa Vijana Wanaosomea Utalii Unguja

Assalaamu alaykum. Na wasiotumia salamu hiyo, habari zenu za asubuhi.

Walimu wenu waliponialika walinipa mada: uhifadhi wa viumbe na utalii wa mazingira katika hoteli za visiwani. Mada nzuri, ila mtu akiifuata kama ilivyo atamaliza saa nzima akiwasifu kasa na pomboo, na nyinyi mtapiga makofi mwende zenu. Mimi nitaanza na choo.

Chekeni, lakini nisikilizeni. Ukipita pwani kuanzia Nungwi mpaka Kizimkazi utakuta vibao vya kijani chungu nzima, na kila kibao kina mnyama wake: kasa, pomboo, kima punju. Sijaona hata kimoja kilichochora karo la maji machafu. Nami nimetembeza wageni miaka mingi ya kutosha kuwaambieni hivi: ukitaka kujua kama hoteli ya pwani inawalinda viumbe waliopakana nayo, usianze kwa kuulizia viumbe. Uliza maji yanatoka wapi. Uliza yakishatumika yanakwenda wapi. Halafu uliza ni nani aliyekuwa akivua pale mbele kabla hoteli haijaja, na leo anakula nini. Ukishajibiwa hayo, habari ya kasa utajijibu mwenyewe.

Sehemu kubwa ya mashariki ya kisiwa chetu ni maweni. Ni jiwe lililokuwa matumbawe zamani, bahari ikashuka, likabaki nchi kavu. Mvua ikinyesha juu yake haituami. Inapenya kwenye nyufa na kwenda kukaa chini, maji matamu juu, maji ya chumvi chini yake, kwa kuwa ya chumvi ni mazito zaidi. Hilo tabaka la juu ndilo linalonywesha vijiji. Ukilivuta kwa pampu kuliko mvua inavyolijaza, chumvi inapanda. Na kisima kikishaingia chumvi, hoteli itaagiza gari la maji. Mama wa kijijini ataagiza nini? Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja. Ulikuta mtalii mmoja anatumia wastani wa lita 685 kwa siku, na sehemu kubwa ya maji hayo ilikuwa ikimwagiliwa bustani. Majani, jamaa zangu! Majani ya kukanyaga, juu ya maweni.

Sasa yanakwenda wapi? Kule kule, kwenye nyufa zile zile, na mwisho wake ni baharini. Matumbawe yanapenda maji safi, maangavu, yasiyo na mbolea. Ukiyamwagia maji ya choo na ya sabuni, unailisha miani midogo, nayo inakua haraka kuliko tumbawe, inalifunika, inalinyima mwanga. Mgeni aliyesafiri saa kumi kwenye ndege kuja kuona matumbawe anaweza kuwa ndiye anayeyaua kila asubuhi akivuta maji, wala hana habari. Hoteli haijamwambia, na sisi tunaomwongoza hatujamwambia.

Wapo waliolifikiria jambo hili kabla ya kupiga msumari wa kwanza, na wako karibu hapa. Kisiwa cha Chumbe mnakijua kwa mnara wake wa taa, uliojengwa na Waingereza mwaka 1904. Kiko kilomita 12 hivi kusini mwa Mji Mkongwe, na boti yake inaondokea Mbweni. Kina urefu wa kilomita moja na kidogo, upana usiozidi mita mia tatu. Hakina kisima wala mto. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuja bibi mmoja wa Kijerumani, Sibylle Riedmiller, akaunda kampuni na kuomba serikali imwachie asimamie mwamba na msitu wa kisiwa hicho kama hifadhi. Mwamba ulitangazwa hifadhi mwezi Desemba mwaka 1994, msitu ukafuata mwaka 1995. Wageni hawakufunguliwa mlango mpaka mwaka 1998. Jihesabieni wenyewe miaka hiyo ya vibali na ujenzi pasipo mgeni wa kulipa, mtaelewa kwa nini wawekezaji wengi huona bora kuchora kasa kwenye kibao.

Nataka tuingie ndani ya nyumba moja ya wageni ya Chumbe, maana mambo yote yamo humo. Ziko saba tu. Paa ni kubwa kuliko nyumba inavyohitaji, kwa sababu ndilo linalokinga mvua. Maji yanachujwa na kuhifadhiwa kwenye birika chini ya sakafu. Kwa hiyo unalala juu ya maji utakayooga kesho. Umeme na maji ya moto ni kazi ya jua. Maji uliyoogea hayaachwi yakapotea ardhini, yanapelekwa kwenye kitalu cha mimea inayokunywa kile ambacho kingekuwa mbolea baharini. Ukienda haja, hakuna maji ya kuvuta. Ni choo kikavu. Ukimaliza unatupia humo mchanganyiko wa majani makavu, na bomba la hewa linavuta hewa juu ili harufu isirudi kwako. Baada ya muda kilichomo kinageuka mbolea, bila tone kuifikia bahari. Wageni wengine hununa siku ya kwanza. Siku ya pili ndicho kitu wanachokipiga picha.

Nyumba saba, basi. Ukitegemea mvua ya paa lako mwenyewe, huwezi kuongeza vitanda kwa sababu tu Desemba wateja ni wengi. Hapo ndipo Chumbe ilipotofautiana na hoteli nyingine nilizozijua. Kwingine mtu huanza na idadi ya vyumba vitakavyorudisha mkopo wa benki, kisha kisiwa kinatakiwa kivumilie. Pale walianza na kisiwa, wakauliza kinaweza kubeba watu wangapi, na biashara ikatakiwa ijipange humo humo. Mnaweza kubishana nami juu ya mengine yote leo. Hili ndilo nililokuja kulisema.

Ukishaweka mpaka wa namna hiyo, mambo ya wanyama yanakuwa mepesi kuliko mnavyofikiri. Panya walimalizwa Chumbe mwaka 1997, kwani panya anakula mayai ya ndege na kila kitu kingine, na kisiwa ni kidogo kiasi kwamba kazi hiyo iliwezekana. Njia za msituni hazina taa. Mgeni anapewa tochi, na usiku anaweza kukutana na kaa wa nazi, yule mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu duniani, anayefika uzito wa kilo nne, miguu yake ikitanuka karibu mita moja. Kaa huyu huanza maisha baharini akiwa kiluwiluwi kinachoelea, akipanda pwani anajificha ndani ya gamba la konokono, na akishakua hawezi tena kuogelea, atazama. Anaishi miongo mingi na anakua polepole. Ndiyo maana popote penye watu wengi na njaa ya kawaida tu ya kibinadamu, keshaliwa. Pale anatembea njiani taratibu, mgeni ndiye anayempisha.

Kuna na paa nunga. Wangapi humu wamemwona kwa macho yao? Mmoja? Wawili? Haya, na nyinyi ni wenyeji. Ni paa mdogo mwekundu, mwenye madoadoa meupe miguuni na ukanda mweupe nyuma, na katika dunia nzima yupo Unguja na kwenye misitu michache ya pwani ya Kenya, kama Arabuko-Sokoke. Unguja ameponzwa na mbwa, nyavu na shoka: wawindaji walimtafuta kwa nyama, na misitu yake ikakatwa kuni na mkaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walianza kupelekwa wachache Chumbe wakae salama. Sitawadanganya kwamba kisiwa chenye hekta ishirini na kitu kitamwokoa paa nunga. Hakitoshi. Paa nunga ataokolewa, kama ataokolewa, kwenye misitu ya vijiji vya kusini na mashariki mwa Unguja, na wanavijiji wenyewe, na hiyo ni hotuba nyingine kabisa.

Nirudi kwenye swali langu la tatu, la mvuvi, maana ndilo linalorukwa kuliko yote.

Chumbe walichukua wavuvi wa vijiji vya jirani wakawafanya walinzi wa mwamba. Hawana silaha. Mlinzi akiona ngalawa inaingia ndani ya mpaka, anaiendea, anasalimia, anaeleza. Ni watu wanaojuana, pengine waliwahi kuvua dema pamoja. Anaweza kumweleza mwenzake jambo ambalo mvuvi anaelewa kwa haraka kuliko afisa yeyote: kwamba chewa mkubwa hutaga mayai mengi kupita kiasi kuliko wadogo kadhaa wakijumlishwa. Tena chewa wa aina nyingi huanza maisha wakiwa majike, wachache wakifikia ukubwa wanageuka madume, kwa hiyo ukivua wakubwa wote umeondoa mitetea bora na majogoo kwa mpigo mmoja. Samaki hawasomi ramani. Wakijaa ndani ya mpaka wanatoka nje, na nje ndiko uliko mshipi wa mvuvi.

Lakini tuseme na upande wa pili, maana nimesikia watu wakiitaja Chumbe kana kwamba ni dawa ya kila mahali. Chumbe walibahatika. Mwamba wake upo kando ya njia ya meli na karibu na eneo la jeshi, hivyo hata kabla ya hifadhi uvuvi pale ulikuwa na vizuizi. Hapakuwa na kijiji kilichokuwa kikiishi kwa mwamba ule kila siku. Ukienda kufanya hivyo hivyo mbele ya kijiji ambacho kina mama wanatoka maji yakipwa, kijiti mkononi, kutafuta pweza wa kitoweo cha mchana, na ukaweka boya na mlinzi, umewapora. Ita unavyotaka, hifadhi au uwekezaji, umewapora.

Kwa mahali kama hapo somo zuri zaidi liko Pemba, Kisiwa Panza, ambako wenyewe walikubaliana kufunga sehemu ya bahari yao kwa miezi kadhaa ili pweza akue, kisha wakaifungua pamoja. Pweza anafaa kwa jambo hili. Anaishi muda mfupi, anaongezeka uzito kwa kasi ya ajabu, kwa hiyo watu wanaona faida kabla subira haijaisha. Chewa angewachosha. Hakuna hoteli katika mpango huo. Nautaja kwa makusudi mbele ya wanafunzi wa utalii, mjue kwamba bahari inaweza kulindwa bila sisi.

Na inaweza kuumizwa nasi pia, hata tukiwa na nia njema. Kizimkazi mnaijua. Mpaka miaka ya 1990 pomboo wa pale walikuwa wakiuawa kuwa chambo cha papa. Utalii ulipoingia, pomboo hai akawa na faida kuliko aliyekatwa vipande, na uwindaji ukakoma. Hilo ni jema, tulipe haki yake, tena bila kigugumizi. Kisha boti zikaongezeka. Boti moja ikiona pezi inapiga kona, nyingine zinaifuata, wageni wanarushwa majini mbele ya kundi, kundi linazama, boti zinakimbilia linakoibukia. Watafiti waliowachunguza pomboo hao wamekuta kwamba wakiandamwa na boti wanapunguza muda wa kupumzika. Mama mwenye mtoto anayenyonya anahitaji muda huo. Wageni wanarudi pwani wamefurahi na video zao. Pomboo hana pa kulalamika.

Kasa nao wana habari yao. Mayai hukaa mchangani siku sitini hivi, na joto la mchanga ndilo linaloamua kama watoto watakuwa majike au madume. Mchanga ukiwa wa moto zaidi, majike huzidi. Vitoto vinatoka usiku na kufuata upande ulio na mwanga, ambao tangu zamani ulikuwa ni bahari. Leo mwanga ni baa ya hoteli. Kuzima taa hakugharimu kitu, tena ni akiba ya umeme, lakini jaribuni kumwomba meneja wa baa azime taa za pwani usiku wa Jumamosi, mtakuja kunihadithia. Kuhusu vidimbwi ambamo kasa wanalishwa mwani ili wapigwe picha, na nyota wa bahari wanaoinuliwa juu ya maji wakishikwa mkononi kwa dakika kadhaa, sitasema mengi. Mnajua kwamba si sawa. Wanaofanya hivyo pia wanajua.

Niseme kidogo juu ya mambo ambayo hata choo kikavu hakiwezi. Mwaka ule ule Chumbe ilipofungua milango, 1998, joto la El Niño lilipita Bahari ya Hindi na matumbawe yakawa meupe kuanzia huku mpaka Maldivi. Tumbawe ni mnyama mdogo anayeishi na mwani wa hadubini ndani ya mwili wake. Mwani ule ndio unaompa chakula na rangi. Maji yakizidi joto, anautapika. Anabaki mweupe, hai lakini mwenye njaa, na joto lisipopungua upesi anakufa. Ikarudi tena mwaka 2016. Ikarudi mwaka 2024, ambao wanasayansi walitangaza kuwa tukio la nne la dunia nzima. Mwamba wenye maji safi na wenye pono wengi wa kula miani una nafasi nzuri zaidi ya kuinuka baada ya pigo, basi. Hatuwezi kuipoza bahari kutoka Mbweni, na ile ndege ya saa kumi iliyomleta mgeni wetu ni sehemu ya joto lenyewe. Sina ufumbuzi wa hilo, na anayekuuzia ufumbuzi wake kwa stika ya kijani mtazameni mara mbili.

Hao pono niliowataja, kwa njia, ndio wanaotutengenezea mchanga. Wanakwangua mwamba kwa meno, wanasaga, na wanakunya mchanga mweupe, pono mkubwa mamia ya kilo kwa mwaka. Mwambieni hivyo mgeni aliyejilaza pwani akisifia weupe wake. Nimewahi kuona mtu akiinuka haraka sana.

Udhaifu mwingine ni fedha. Hifadhi inayolipwa na mgeni inategemea mgeni aje. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki tano mwaka 2019. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege, walishuka hadi takriban laki mbili na elfu sitini. Samaki hawakusimama kusubiri, wala nyavu. Doria zilitakiwa ziendelee kama kawaida na mfuko ukiwa umekauka. Mwaka 2024 tulivuka laki saba, na sensa ya 2022 ilituhesabu sisi wenyewe wa Zanzibar milioni moja na laki nane themanini na tisa elfu. Watu wanashangilia laki saba. Mimi nazizidisha kwa lita 685, na kwa siku wanazokaa, kisha nakumbuka maweni.

Jambo moja la Chumbe ningependa hoteli zetu kubwa ziige hata kama haziwezi kuiga choo. Kwa miaka yote hii wamekuwa wakiwapeleka wanafunzi wa skuli za Unguja kuuona mwamba, wavae miwani ya maji na kuingia. Tunao watoto wengi, hasa wa kike, waliozaliwa mita mia mbili kutoka baharini na hawajawahi kuiona chini yake. Baba ni mvuvi, anajua jina la kila samaki akiwa amekufa ndani ya kapu. Mtoto anapomwona tasi akiwa hai, akila, akigombana na mwenzake, kuna maswali anarudi nayo nyumbani ambayo mimi siwezi kuyapeleka kwa hotuba.

Sasa mtaniuliza, na mmoja kaniuliza tayari nje pale: bwana, mimi nitaajiriwa mapokezi, nikianza kumhoji bosi habari za karo si nitafukuzwa? Huenda. Usimhoji bosi. Muulize fundi bomba, muulize mtunza bustani, hao wanajua kila kitu na hakuna anayewauliza. Muulize dobi mashuka yanafuliwa mara ngapi. Ukishajua, anza na lile lililo mikononi mwako. Mfano, mgeni anakuja mezani kwako, anasema nataka kuogelea na pomboo kesho. Usimwambie atawaona. Mwambie wako huru, huenda wakaja na huenda wasije, na nahodha ataweka boti mbali nao, wakimkaribia wenyewe ni bahati yake. Wengine watakwenda kununua safari kwingine, ndiyo. Lakini yule atakayebaki, nahodha wake hatakuwa na ahadi ya kuitimiza kwa nguvu za injini. Mbio nyingi za Kizimkazi zinaanzia mezani kwa mtu wa mapokezi aliyesema "bila shaka utawaona" ili apate kamisheni.

Mwalimu ananionesha saa. Nimebakiwa na dakika za maswali. Tuanze na dada wa kule nyuma aliyeinua mkono tangu niliposema majani.